Viatu Vilivyobana Jioni

Msusi mmoja alikuwa mke wa fundi viatu. Wateja walimwita Chapuchapu kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kichwani mwa mtu. Vidole tu, maana miguu yake ilisimama palepale nyuma ya kiti tangu asubuhi hadi jua kuzama.

Mdogo wake wa kike alipokaribia kuolewa, fundi alimpima mkewe miguu asubuhi na mapema, akamshonea viatu vya ngozi nyeusi vyenye kamba kifundoni. Asubuhi ya arusi Chapuchapu alivijaribu, akazunguka sebule kwa maringo.

"Leo baba watoto umejipita!"

Kisha akaenda kumsuka bibi arusi na wapambe wake, kutwa nzima wima. Jioni, wakati wa kwenda ukumbini, visigino vikagoma kuingia.

"Umeshona vidogo!"

"Asubuhi si ulikuwa unaringa navyo? Au umebadilisha miguu?"

Chapuchapu akaenda arusini na kandambili za bafuni. Mashangazi walicheka hadi wakashikana mabega: mke wa fundi viatu, na kandambili! Fundi akaona jina lake ndilo lililokanyagwa. Kesho yake asubuhi akamwambia avijaribu tena, vikaingia kama soksi. Jioni vikagoma. Basi nyumba ikanuna. Sahani zikawa zinatua mezani kwa kishindo, na salamu zinapitishwa kwa watoto: "Mwambieni baba yenu chakula tayari."

Aliyewaokoa ni wifi yake, dada wa fundi, ambaye ni muuguzi. Alikuja saluni kusukwa alasiri moja, macho yakamwangukia kwenye miguu ya Chapuchapu.

"Wifi, acha nywele. Hebu kaa wewe hapa."

Akambonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi. Alipokitoa, pakabaki kishimo. Chapuchapu akaruka.

"Mungu wangu, nimeoza!"

"Hujaoza. Ni maji hayo. Damu inapita kwenye vimishipa vyembamba kuliko huu unywele unaonisuka. Msukumo wake unapenyeza maji kwenye kuta za vimishipa, yanabeba chakula na hewa hadi kwenye nyama. Ndivyo mwili unavyolishwa."

"Sasa mbona hayarudi?"

"Mengi hurudi. Protini za damu ni kubwa, nyingi hubaki ndani, nazo huyavuta maji. Yanayosalia huzolewa na mishipa mingine, inaitwa ya limfu. Lakini ukisimama kutwa bila kusogea, uzito wa damu yote unalemea chini. Maji yanatoka kwa wingi kuliko yanavyorudishwa. Ukilala na miguu juu ya kitanda, yanarudi. Ndiyo maana asubuhi viatu vinakuenea."

Chapuchapu alicheka, kisha cheko likamkatika pale wifi yake aliposema lazima apimwe kwanza, kwa sababu moyo, figo au ini vikisumbua, miguu huvimba vilevile. Usiku huo hakupata usingizi. Fundi aliposikia habari hiyo aliacha kununa palepale, akafunga kibanda chake, akamsindikiza zahanati mwenyewe. Kwenye benchi la kusubiri alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele za watu tangu uchumba.

Majibu yakatoka mazuri: mkojo hauna protini, yaani figo ni salama, ini halina tatizo, na moyo unadunda sawasawa. Daktari akamwambia avae soksi za kubana, akipumzika ainue miguu, na asisimame kama nguzo. Misuli ya vigimbi, nyuma ya miguu, ndiyo inayosukuma damu ipande, nayo hufanya kazi mtu anapotembea.

Chapuchapu akaanza kusuka huku akipanda na kushuka kwenye vidole vya miguu. Wateja wakalalamika.

"Dada, unasuka au unacheza ngoma?"

"Vyote viwili, na hiyo ya pili nakupa bure. Tuliza kichwa!"

Uvimbe haukuisha kabisa, ila ulipungua hadi kifundo kikaonekana tena. Fundi naye alijifunza: tangu hapo wateja wake wote huambiwa waje kupimwa miguu jioni. Wasiojua sababu humwona ana makuu. Na wakishafunga kazi, yeye na mkewe hurudi nyumbani kwa njia ndefu, kwa mguu, wakibishana juu ya watoto na majirani, na mara nyingi hupitiliza mlango wao wenyewe kwa sababu maneno hayajaisha.