Blauzi Yenye Kidirisha

Mtaani walimwita Pima Tena, kwa sababu hakuwahi kukata kitambaa cha mtu kabla ya kurudia vipimo, hata mteja awe na haraka kiasi gani. Nguo zake zilikuwa nadhifu hata kwa ndani. Akiona uzi unaning'inia, anafumua. Sasa sikia yaliyomkuta mtu huyohuyo.

Kitinda mimba wake, binti wa miaka minne, alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Nyumbani walimwita Bosi, maana aliamrisha watu tangu hajajua kutembea. Dawa ilipitia kwenye mrija uliowekwa kifuani, upande wa kulia, na kila wakienda hospitali ilibidi blauzi ivuliwe. Safari iliyopita Bosi alikataa katakata. Wakamshika, baba yake akiwa mmojawapo, akalia mpaka sauti ikamkauka. Jambo hilo lilimkaa Pima Tena rohoni.

"Safari hii hakuna atakayekuvua," akamwahidi. "Baba anakushonea blauzi yenye kidirisha."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akaishona akiiba dakika kwenye kazi za wateja, akaimaliza asubuhi ya safari. Mama mtu akamvisha mtoto akiwa bado anasinzia, na sweta juu.

Wodini Bosi alikaa kitandani kama mwenye nyumba. "Nesi, leo hunivui. Kuna dirisha."

"Makubwa!" akasema nesi, mama mcheshi mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Akafungua sweta, akabandua vifungo vya kubana vya kidirisha, akachungulia. Kicheko kikamwisha. "Fundi, mrija uko huku. Dirisha liko kule."

Pima Tena akasogea, akatazama. Alikuwa amekata kwa kumbukumbu, jinsi anavyomwona mtoto akiwa amemwelekea kitandani: mrija uko upande wa mkono wake yeye wa kushoto, basi akakata kushoto. Kinyozi hajinyoi, jamani! Mtaa mzima kaupima, mwanawe hakumpima.

Bosi akakumbatia kifua chake kwa mikono yote miwili. "Ulisema hakuna atakayenivua."

"Nimekosea, mwanangu. Nimekosea kabisa." Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe akamgusa bega. "Igeuze, baba watoto. Ndani iwe nje, dirisha litahamia kulia."

"Mishono itaonekana!" Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Wewe mwanamume wewe! Mishono ndiyo inayokuuma?"

Nesi akacheka mpaka miwani ikarukaruka. Lakini hata ya kugeuzwa, blauzi ilibidi itoke kwanza, na hakuna aliyenyoosha mkono. Pima Tena akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Nilikuahidi, na mimi sikugusi. Ila dawa lazima iingie. Unasemaje, Bosi?"

Mtoto akawaonyesha ukuta kwa kidole. "Geukeni. Wote. Na nesi."

Wakageuka, watu wazima watatu wakitazama ukuta. Nyuma yao zikasikika pumzi na mkwaruzo wa kitambaa, halafu kimya, halafu sauti ndogo kutoka ndani ya nguo: "Baba, kichwa kimekwama."

"Nikusaidie?"

"Kichwa tu."

Akasaidia kichwa tu.

Dawa ikatiririka taratibu hadi mchana, Bosi akisinzia mapajani mwa baba yake, nyuzi zote hadharani.

Walipotoka getini, sweta ikiwa mkononi kwa joto la mchana, Pima Tena alitaka kuigeuza blauzi. Bosi akasema iko vizuri hivyo hivyo. Wakapita mtaani kwao wameshikana mikono, na muuza nyama, mteja wake wa siku nyingi, akapaza sauti toka buchani: "Pima Tena! Leo umepatwa na nini? Mtoto kavaa nguo ndani nje!"

Pima Tena akazitazama nyuzi zile.

"Ndivyo inavyovaliwa," akasema, akambeba mwanawe begani.