Shikamoo kwa Fisi

Sikuwahi kuwa mpenzi wa kamera. Bustani ya wanyama ninayofanyia kazi hapa Doha ina watu wanaolipwa kupiga video tu, na mwanzoni niliwaona kama watu wa kutuzuia kufagia. Kuna mmoja anayevaa vazi la manyoya ya bandia la choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, na kucheza dansi mbele ya watoto katika joto hili la Mungu. Kila Ijumaa alasiri kuna matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, na watoto wa The Pearl, mtaa wa matajiri, huuliza kama twiga hukoroma. Nilisema moyoni, mnyama ni wa kulishwa na kusafishiwa, hakuomba kupigiwa ngoma.

Mimi namlisha fisi. Ni fisi madoa, jike, aliyekutwa kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa akimfuga kama mbwa. Aliletwa kwetu na kovu la mnyororo limemzunguka shingo, na kwa kuwa alizoea watu tangu mdogo, hawezi tena kurudishwa porini. Kila asubuhi, kabla ya kusukuma nyama kwenye kidirisha cha chuma, humwambia, "Shikamoo, bibi." Kwa fisi, jike ndiye mkuu wa ukoo na madume hunywea mbele yake. Nami nimelelewa kuheshimu wakubwa. Ulikuwa utani wangu wa asubuhi, basi.

Mpiga video wetu, kijana Mkenya tunayepanda naye basi moja la wafanyakazi kutoka Al Rayyan, alinikuta siku moja nikimwamkia.

"Dada, hebu rudia hiyo," alisema. "We ongea na yeye vile huwa mnaongea. Jifanye mimi siko."

Nikarudia, akanirekodi na kuipandisha video mtandaoni. Kufika jioni ilikuwa kwenye simu za Waswahili wa Ghuba nzima. Madereva na wahudumu wa hoteli nisiowajua waliniuliza kama bibi yangu hajambo.

"Imeshika noma," kijana aliniambia. "Na sasa watu wanauliza huyo fisi alitoka wapi. Hapo ndipo tulikuwa tunataka kufika."

Ndipo nikaelewa kazi yao. Mtu akishacheka, anakaa kusikiliza, na akikaa unampa habari ya mnyororo. Pengine siku akiona mtoto wa mnyama wa porini anauzwa, hatanunua. Nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza nilimsamehe hata yule choroa wa kitambaa.

Kisha video ikafika nyumbani, mama akapiga simu.

Mama huuza maandazi mbele ya nyumba yetu, kijijini kwetu Singida. Kule fisi si mnyama tu. Husemwa kwamba mchawi humfuga, humpanda usiku, na kumwamkia kwa heshima kama mtu wa ukoo. Haya nimekua nayo. Lakini maisha ya Doha yalinisahaulisha, maana hapa fisi ni ndoo, ufagio na zamu.

"Mwanangu," mama alisema, "ile shikamoo ulimpa nani?"

"Fisi, mama. Ni utani tu."

"Utani! Maandazi yamelala tena. Jirani amewakataza watoto wake kupita hapa. Wanasema sasa wamejua riziki yako ya Uarabuni inatoka wapi."

Maandazi yale ndiyo yaliyonisomesha. Tena kwetu neno la uchawi si la kucheka nalo. Kuna vikongwe waliochomewa nyumba kwa maneno mepesi kuliko hayo, na mama yangu anaishi peke yake. Niliogopa, nasema kweli, nikataka kuacha kazi siku ileile na kurudi nyumbani.

Nilimwomba kijana aifute video. Akaifuta bila kubisha.

"Lakini kufuta haitoshi, dada," alisema. "Iko kwa simu za watu tayari. Ijumaa ukuje laivu, uongee nao wewe mwenyewe, Kiswahili mwanzo mwisho. Hao watazamaji wengine wa kila Ijumaa watangoja."

"Nikiharibu zaidi?"

"Mimi niko nyuma ya kamera. Ukikwama nitakuuliza swali."

Ijumaa ile mama aliwaita majirani. Nilikuja kuambiwa kwamba alikaanga beseni zima la maandazi na kuyagawa bure ili waje, wakazunguka simu moja. Mimi nilisimama mbele ya uzio, na yote niliyopanga kusema yakayeyuka. Nikafanya kazi tu. Nilimwita fisi, akaja. Nikainua nyama juu ya wavu ili anyooshe shingo, na kijana akasogeza kamera pale manyoya yalipokataa kuota.

"Hili ni kovu la mnyororo," nilisema. "Aliibwa huko Afrika kwetu akiwa bado ananyonya, akafungiwa kwenye sanduku akaja kuuzwa huku. Mchawi angemlinda fisi wake. Huyu hakulindwa na mtu." Nikasema pia kwamba namwamkia kwa sababu ni jike mkubwa, na mama yangu alinifundisha nisimpite mkubwa kimya. Kijana hakuuliza swali lolote. Aliiacha kamera palepale shingoni, muda mrefu kuliko wanavyoruhusiwa.

Mama hakupiga siku ile, wala kesho yake. Jumapili asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikapiga mwenyewe saa ya maandazi. Akapokea, akasema ngoja kwanza, akaiweka simu mezani bila kukata. Nilisikia mafuta yakichemka. Kisha nikasikia watu, na hawakuwa wawili wala watatu. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Huyo kwenye simu ndiye yule wa fisi?"

"Ndiye," mama alisema. "Analea yatima. Haya, chukua maandazi yako upishe wenzako."