Kitambaa Juu ya Kompyuta

Siku hiyo ofisini tulikuwa watano: mwenye ofisi, ambaye tulimwita Mzee, mke wake, bado amevaa kilemba cha akina mama wa kanisa, fundi wa kompyuta kutoka upande wa Embu, mdogo wangu wa kike aliyekuwa kidato cha pili, na mimi, mpiga chapa. Ilikuwa Jumapili mchana mjini Meru. Uwanjani Kinoru hakukuwa na mechi, barabara ilikuwa kimya, na sauti ya Mzee ilifika mbali.

Alikuwa ananifokea kwa sababu ya kompyuta. Alikuwa amenunua kadi ya picha kutoka Nairobi, kibao cha kijani chenye feni yake ndogo, fundi akakipachika ndani ya sanduku la kompyuta ili tuchore kadi za harusi na kalenda za makanisa. Tangu hapo feni ililia kama mbu sikioni, sanduku lilichoma mkono, na kabla ya saa nne asubuhi skrini ilijaa mistari na kuganda. Bili ya stima nayo ilikuwa imepanda.

Mzee hakuhitaji fundi amwambie sababu. Sababu alikuwa mdogo wangu, aliyekuja kusoma chini ya taa yetu kila jioni kwa kuwa chumba chetu hakikuwa na stima.

"Huyu anacheza gemu humu," alisema. "Ndiyo maana inachemka. Ndiyo maana inakula stima. Na wewe uliishia darasa la nane tu, utajuaje? Ikionekana ni yeye, nyinyi wawili mtafute pengine."

Tulikuwa tumetoka kijijini Ruiri baada ya kuzika wazazi. Mimi ndimi kifungua mimba. Niliacha shule ili wengine watatu wasiache, na mshahara wa ofisi ile ndio uliokuwa unga wetu, sare zao na kodi ya chumba. Nilimgeukia mdogo wangu nikamzaba kofi mbele ya watu wote. Sikumwuliza kwanza. Nilitaka Mzee aone kwamba nyumba yangu ina adabu.

"Sijacheza," alisema. Hakulia.

Fundi aliweka bisibisi mezani. "Madam, mkono ungengoja kidogo. Mzee, tusibishane. Tuipime."

Alikitoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta siku zote, akakikunja na kukiweka kitini. Tulizima kila kitu na kutazama mita ya stima, kile kisahani chenye alama nyekundu kinachozunguka nyuma ya kioo. Kikasimama. Tukawasha kompyuta, nikaandika barua, fundi akahesabu kwa saa yake ya mkono: alama ilirudi baada ya sekunde arobaini hivi. Kisha akafungua gemu ya magari na kumwita mdogo wangu.

"Cheza. Leo una ruhusa."

Alicheza bila kututazama, shavu limevimba. Kisahani kikaenda haraka kidogo tu, ungehitaji saa ili ujue. Juu ya sanduku fundi alikuwa ameweka kizibo cha soda chenye mafuta magumu ya kupikia, apime joto; baada ya nusu saa yalikuwa bado meupe. Nilitoka nje nikirudi kinyumenyume hadi nisisikie feni. Mlangoni tu, sauti ikapotea.

"Sasa weka hiyo birika yako ya stima, Mzee," fundi alisema.

Mzee hunywa chai siku nzima. Birika ilipowashwa, alama nyekundu ilipita mbio.

"Ona! Kama ng'ombe walionusa maji," fundi alicheka. "Na mimi natoka Kiambere, stima inatengenezwa kwetu bwawani, na mama yangu anawasha koroboi. Nyinyi mnachemshia chai kutwa halafu mnalaumu mtoto."

"Leo inafanya vizuri kwa sababu upo," Mzee alisema. "Na gemu si ilichezwa? Si umeona?"

Hapo ndipo mke wake aliposimama. Alikuwa anakereka muda mrefu kuona kitu cha bei kikiwa uchi mbele ya mgeni. Alichukua kitambaa, alichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe kama vile vya kwenye redio na makochi yake, akasogeza kizibo, akakitandaza, akavuta pande zote zilingane, kisha akakirudisha kizibo juu. Kilifunika matundu ya ubavuni na ya nyuma. Hakuna aliyemkataza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikinyoosha hivyo kila asubuhi, na Ijumaa nikikipiga wanga.

Hakuna aliyegusa gemu. Nilirudi kwenye barua yangu. Hata nusu saa haikuisha, feni ilianza kulia. Nilitoka tena, safari hii niliisikia nikiwa ng'ambo ya barabara. Niliporudi, mafuta kwenye kizibo yalikuwa maji. Kisha ikaja ile mistari, skrini ikaganda.

Fundi alikiinua kitambaa kwa vidole viwili. "Mama, umeivalisha sweta."

Mke wa Mzee alikitazama kitambaa chake. Mzee alikohoa.

"Basi, mambo yameisha," alisema. "Kesho uje kazini mapema. Tunywe chai."

Mambo yameisha! Alimwita mtoto yatima mharibifu, akatishia kutufukuza, na chai ndiyo ikawa msamaha wake. Hata hivyo, Jumatatu nilikuja mapema.

Mdogo wangu alikusanya vitabu vyake. Nyumbani sisi husema Kimeru, Kiswahili ni cha shule na cha ofisini. Jioni ile aliniuliza kwa Kiswahili, "Nikupakulie chakula?" kama anavyouliza mhudumu wa hoteli. Hakurudi tena kusoma ofisini. Alisoma kwa mwanga wa koroboi mpaka akamaliza kidato cha nne, na karo yake niliilipa yote.

Mzee namdai neno moja la samahani, na nimeshaacha kulingoja. Lakini mkono uliopiga ulikuwa wangu, na mdogo wangu bado hajasikia kutoka kinywani mwangu kwamba nilimkosea.