Watoto Wasiolia

Ofisini walimwita Kiguu na Njia, na wala hakununa, maana jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Katika idara ya serikali inayokagua shule na makao ya watoto, viti vya wenzake vilikuwa vimebonyea. Chake kilionekana kama kimetoka dukani jana. Akifika shuleni hakuanza na chai ya mwalimu mkuu. Alianzia chooni, akapita jikoni, akazungukia nyuma ya madarasa. Hata nyumbani alikula nusu amesimama, na mumewe, fundi redio, alikuwa na msemo wake: "Mke wangu, kaa basi. Kiti hakiumi."

Mwaka ule mkaguzi wa makao ya watoto alistaafu, Kiguu akabebeshwa mzigo wake. Makao ya kwanza kumwangukia yalikuwa yanasimamiwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Akaenda mbio kwa mkuu wa idara.

"Mkuu, pale ni kwa wifi yangu. Mpeleke mwingine."

"Mwingine nani?" mkuu akacheka. "Nenda tu, mama. Pale pamesifiwa tangu sijaota mvi. Utarudi chai haijapoa."

Kweli palistahili sifa. Sakafu iling'aa mpaka mtu anajiona. Shuka zilikuwa zimevutwa zikakaza kama ngozi ya ngoma. Wifi, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kuamuru, alimpokea mlangoni. "Karibu, mkaguzi," akasema kwa heshima zote, kisha akamkonyeza.

Walipotoka uani watoto walikuwa wanacheza. Kibinti kimoja kikakimbia, kikajikwaa kwenye ngazi, kikaanguka kifudifudi. Kiguu akabana pumzi akingoja kilio. Hakikuja. Mtoto aliinuka, akajipangusa damu ya goti kwa kiganja, akaendelea na mchezo wake. Hakumtazama mtu. Baadaye kidogo mwingine akajigonga kichwa kwenye nguzo, puu! Naye kimya. Na wakati wa chakula, mmoja alipomwaga maji, meza nzima iliacha kutafuna.

"Wana adabu, ee?" wifi akauliza, uso umemjaa fahari.

"Sana," akajibu Kiguu, akageuka kuwatazama tena.

Jioni ile alipanga vyombo, akavipangua, akavipanga tena. Mumewe akaweka bisibisi chini.

"Haya, sema. Naona leo hata vikombe havina amani."

"Wanetu walipokuwa wadogo, wakianguka ilikuwaje?"

"Mtaa mzima ulijua."

"Basi kule wanaanguka na hawalii. Mtoto hulia kwa kuwa anajua yupo wa kumsikia."

Mume akamkazia macho. "Unataka kusema dada yangu anawapiga?"

"Sijasema hivyo."

"Unasema nini sasa?"

"Sijui! Ningejua ningekuwa nimekaa."

Akarudi kule bila kupiga hodi rasmi, saa ya kuwaogesha watoto. Bafuni alimkuta wifi amekunja mikono ya gauni, jasho linamtiririka, anaogesha mmoja baada ya mwingine. Mlezi alikuwa mmoja tu, anafuta na kuvisha mbiombio. Mwenzake alikuwa mgonjwa. Watoto walijipanga ukutani, uchi na kimya. Chumba cha pili, kwenye kitanda cha kona, kichanga kilikuwa kinajigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda, taratibu, kama anayejibembeleza mwenyewe. Hakuna aliyegeuka.

Kiguu akamnyanyua. Mtoto hakumshika. Alikaa mikononi mwake mkakamavu kama furushi, macho darini. Hakujua namna ya kubebwa.

"Mweke chini," sauti ya wifi ikatoka bafuni.

"Wifi, huyu mtoto..."

"Mweke chini nimesema!" Wifi akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Wewe utambeba, utajisikia vizuri, utaenda zako. Yeye atalia mpaka kesho, na wote watamfuata. Mimi mikono ninayo hii tu. Kila mwaka naomba walezi, kila mwaka mnaniletea sifa. Mkaguzi mwenzio alikuwa anapitisha kidole dirishani kutafuta vumbi. Nikahakikisha halioni. Sasa wewe umekuja kutafuta nini?"

Kiguu hakumweka mtoto chini. Walisimama hivyo, wanawake wawili wa ukoo mmoja, mpaka maji ya bafuni yakaanza kufurika na wifi akakimbia kuyafunga.

Aliandika ripoti bila kupamba: sakafu safi, watoto wameachwa peke yao, msimamizi ameomba walezi mara nyingi na hakupewa. Mkuu wa idara akaisoma, akavua miwani.

"Unataka niwaambie wakubwa kwamba miaka yote tulikuwa tunasifu makosa?"

"Nyumba njema si mlango, mkuu. Tulikuwa tunaishia mlangoni."

"Itamuumiza wifi yako."

"Najua."

Ripoti ikakaliwa. Basi kila asubuhi Kiguu akawa anasimama kwenye mlango wa mkuu, hakai, haondoki, anauliza swali lile lile, hadi mzee wa watu akamchoka kama mtu anavyomchoka mbu. Ikapanda juu. Walezi wakaletwa, vijana wenye mikono na nafasi ya kubeba. Ila wakubwa wakikosa, lazima apatikane mdogo wa kubeba lawama. Wifi akaondolewa makaoni, akapelekwa stoo ya idara kuhesabu chaki na madawati yaliyovunjika.

"Umemtoa kafara dada yangu," mumewe alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma. Mawifi wengine wakaacha kumpigia simu. Stoo ilikuwa mwisho wa ujia wa ofisini, na wifi alimpita pale kila siku kama anapita ukuta. Kiguu alitamani atukanwe, mambo yaishe. Ofisi nzima sasa ilimwona akizunguka kwa njia ya uani ili asipite stoo.

Kule makaoni kelele zilianza, na walezi wapya wakalalamika kwamba watoto wamedeka. Kichanga cha kitanda cha kona tu ndicho kilichogoma. Hakulala, hakunyonya chupa, na kila aliyembeba alimrudisha akiwa amechoka. Habari hizo zilizunguka idarani, zikafika mpaka stoo.

Jumamosi moja simu ikalia. Wifi. Hakusalimu.

"Yule mdogo wa kona. Nasikia hanyonyi."

"Hanyonyi, wifi. Wamejaribu kila kitu."

"Wanampa maziwa ya moto. Hayataki. Yapoe kabisa, na ashikwe mguu, siyo mgongo. Nilikuwa namshika mguu mimi, wenzake wakilala. Waambie."

Mumewe, upande wa pili wa meza, alikuwa ameacha kazi anasikiliza.

"Njoo uwaambie mwenyewe," Kiguu akasema.

"Nirudi pale kama nani?"

"Kama anayemjua. Nakupitia sasa hivi."

"Upesi basi," wifi akasema. "Usiniweke."

Kiguu alikuwa tayari yuko mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mumewe amekiinamia chini ya meza anamtafutia.