Kikundi Kisicho na Majina

Laurentine Ngalula alizaliwa mtaa wa Kamalondo, akaolewa Kamalondo, na cherehani yake iko palepale, kwenye baraza ya nyumba aliyoachiwa na baba yake, fundi wa reli. Hata hivyo, siku alipoingia kikundi chake cha kwanza cha mchezo wa simu, mtu mmoja alisoma jina lake, la asili ya Kasai, akamwandikia: "Ngalula? Rudia kwenu Kasai." Wengine wakacheka. Alijitoa siku hiyohiyo.

Mchezo wenyewe aliupenda. Kila mchezaji hupewa kijiji chake, analima, anafuga, anajenga ukuta; asiye na wenzake wa kumlinda huvamiwa na kuporwa. Basi akaanzisha kikundi chake mwenyewe, akakiita Majirani. Sharti lilikuwa moja: hapa hakuna jina la nyumbani, wala kabila. Kila mtu ataitwa kwa jina la mchezo, basi.

Watu walikuja. Mwanzoni sita, baada ya mwaka arobaini na wawili. Wakishalinda vijiji vyao walibaki kuongea: mwenye mtihani akatiwa moyo, mwenye msiba akapewa pole. Laurentine, mjane asiye na mtoto, akawa anaamkiwa kila asubuhi: "Mama Jirani, ulilala muzuri?"

Wa kwanza kumwamkia alikuwa Nkuba. Habari zake zilikuwa chache: yuko vijijini, upande wa Mitwaba, na hupanda kilima ili apate mtandao.

Jumanne moja ya Februari Nkuba aliandika: "Niko mugonjwa. Muguu imevimba, homa haishuke. Niko peke yangu, na mvula imekata barabara."

"Uko ku village gani?" Laurentine akauliza papo hapo.

Jibu halikuja. Siku ya tatu, mmoja wa Majirani akavunja sharti. "Mama, mi naitwa Ngosa, nafanya biashara huku Sakania. Shemeji yangu anajua katekista mumoja wa Mitwaba, jina yake Constantin. Numero ni hii."

Laurentine akapiga.

"Jina yake ni nani, Mama?" Constantin aliuliza.

"Tunamwita Nkuba. Ni jina ya mu jeu, ile tunachezaka ku telefone."

"Na jina ya batizo?"

"Sijue."

"Ni kijana ao ni muzee?"

"Sijue, Katekista. Hata sauti yake sijaisikiaka."

"Huku bantu ya homa ni bengi, Mama. Nitaulizia. Lakini sijue nitasema natafuta nani."

Aliulizia kweli, Jumapili, baada ya misa. Laurentine naye akawaandikia wenye kampuni ya mchezo, akaomba wamtafutie mtu huyo. Wakamjibu kwa mistari miwili kwamba habari za wachezaji hazitolewi. Alishona gauni moja mikono yote ya kushoto, akalifumua. Sharti alilitunga ili watu wasiumizane, na lilikuwa limefanya kazi yake vizuri kabisa. Sasa lilikuwa limewafunga mikono wote arobaini na wawili.

Wiki ya tatu Constantin akapiga simu mwenyewe.

"Mama, kuna mwanaume moja balimuzika, village ya mbali. Miaka yake karibu makumi tatu na tano. Alikuwa anapandaka kilima na telefone."

"Ni yeye?"

"Bandugu yake hawajue maneno ya jeu. Telefone nayo haionekane. Siwezi kusema ni yeye, siwezi kusema haiko yeye."

Laurentine alimshukuru, akakata. Kisha akawaandikia Majirani kila neno kama alivyolisikia, bila kuongeza kitu.

Mwishowe Ngosa akauliza: "Mama Jirani, tumulilie ao tumungoje?"

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, akisubiri kupimwa. Laurentine aliandika "Sijue", akainuka kutafuta utepe wa kupimia.