Leso ya Mama Mdogo

Leo mama mdogo ametuletea leso mpya, na harufu yake ya dukani imenirudisha uwanjani, siku mama alipotafuta tiketi ya chama ili agombee.

Huku kwetu ukipata tiketi ya chama kile, uchaguzi umeisha. Babu alizikwa na kofia ya chama hicho. Siku hiyo walipiga kura kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, kila mtu akikuona.

Mama mdogo alinishika mkono. Wiki nzima alikuwa jikoni kwetu akisema, "Dada, usiogope, sisi wote ni wako." Nikamfuata tu. Jua lilikuwa kali, nikaficha uso kwenye leso yake mpya.

Mwanamke mmoja mbele yetu akacheka. "Ai! Hata katoto kake kamemkataa!"

Nikainua kichwa. Wanawake wote wa mstari wetu walikuwa na leso kama ile, na mbele kabisa alisimama mpinzani wa mama. Mama alikuwa upande wa pili, na watu wachache nyuma yake, akiniangalia.

"Mama mdogo, mama yuko kule."

"Nyamaza. Simama vizuri, tunahesabiwa."

Ningeweza kukimbia nikasimame naye. Niliona haya, watu wangeniangalia. Nikabaki pale mpaka wakamaliza kuhesabu.

Leo mama amemshukuru dadake, akamwekea chai. Kisha amenipa leso niipeleke kabatini, juu ya zile zingine za mama mdogo ambazo hajawahi kujifunga hata moja.