Msusi Aliyefungua Mdomo

Mtaani walimwita Kaburi, kwa kuwa siri ya mteja ikishaingia masikioni mwake haikutoka tena. Jina hilo alilipenda. Lakini siku binti wa jirani alipokuja kusukwa nywele za harusi, akamtaja mwanamume anayemwoa, chanuo lilimponyoka msusi mkononi. Aliyekuwa mke wa bwana huyo alikuwa mteja wake. Kila alipomsuka, alizilaza nywele upande wa kushoto ili zifunike kovu. Mwanzoni yule mke alisema ameanguka bafuni. Baadaye alichoka kudanganya, akasema ni kipigo cha mumewe, akadai talaka.

Msusi alitoka nje kana kwamba anafuata maji, akampigia simu yule mke wa zamani.

"Dada, yule bwana anaoa tena, na binti yuko kwenye kiti changu. Siri ni yako. Nifanyeje?"

"Mwambie, shoga yangu. Mimi waliojua walininyamazia."

Basi akarudi ndani, akaketi mbele ya binti, akamweleza yote. Binti alisimama, nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa.

"Shangazi, kumbe una wivu hivi!" Akatoka huku analia.

Mtaa mzima ulimsema msusi kwamba amevunja nyumba kabla haijajengwa, naye akaanza kujitilia shaka. Mwishoni mwa wiki alikuja mama wa binti.

"Tulikwenda kwa yule dada, tukaliona kovu. Harusi hakuna. Ila mwanangu hataki hata kukuona."

"Na aninunie tu," msusi akajibu, "maadamu ni mzima."